Krapf: Mgeni wa Mvita aliyezika jamaa zake na kuacha kamusi

KATIKA maduka ya Biashara Street mjini Mombasa, kanga haiuzwi kwa rangi na nakshi zake pekee. Mnunuzi hutaka kwanza kujua jina lake, yaani maneno yaliyochapwa karibu na pindo. Maneno hayo leo huandikwa kwa herufi za Kilatini, zile zile zinazotumika magazetini, shuleni na mahakamani. Kanga za zamani, hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 20, zilikuwa na maandishi ya Kiarabu, kwani hiyo ndiyo hati ambayo Waswahili walikuwa wameitumia kuandika lugha yao kwa mamia ya miaka.

Mabadiliko hayo hayakuletwa na mtu mmoja. Hata hivyo, mtu wa kwanza kukaa chini na kuiandika lugha ya Mombasa kwa herufi za Kilatini kwa utaratibu, akatunga sarufi yake na kukusanya maneno yake katika kamusi kubwa, alikuwa mgeni aliyeshuka chomboni mwaka 1844 akiwa hana nia kabisa ya kuwa mwanazuoni wa Kiswahili. Huyo ni Johann Ludwig Krapf, mmisionari, msafiri na mlowezi wa kwanza wa Kiprotestanti katika nchi ambayo sasa inaitwa Kenya.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Akiwa mvulana wa miaka 11 alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akalala kitandani kwa miezi sita. Katika siku hizo za ugonjwa alizoea kusoma Biblia, na masimulizi ya Agano la Kale yakamwingia moyoni.

Alipopelekwa shule, aliona ramani ya Afrika iliyokuwa na sehemu kubwa nyeupe upande wa mashariki. Mchora ramani hakuwa na jina la mji, mto wala mlima wa kuandika pale. Kijana huyo alishangaa, na mshangao wake haukumtoka tena. Alisoma pia habari za safari za Uhabeshi, na mwaka 1827 aliingia chuo cha wamisionari cha Basel nchini Uswisi.

Mwaka 1837 alitumwa Uhabeshi na Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, kinachojulikana kwa herufi CMS. Huko hakupata utulivu. Alifukuzwa Adwa mwaka 1838, akahamia Shoa, alikopokelewa na Mfalme Sahle Selassie. Mwaka 1842 aliondoka Shoa kwenda Misri kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich, aliyetoka Basel, wakafunga ndoa. Walipojaribu kurudi Uhabeshi walikuta njia imefungwa. Katika safari hiyo mkewe alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, na mtoto huyo akafariki. Walimwita Eneba, jina lenye maana ya chozi.

Nia ya Krapf wakati huo ilikuwa kuwafikia Waoromo. Kwa kuwa mlango wa kaskazini ulikuwa umefungwa, aliamua kuutafuta mlango wa kusini kwa njia ya bahari. Hivyo basi, Mombasa haikuwa kituo alichokitamani. Aliichukulia kuwa ni njia ya kupitia tu.

Mnamo Novemba 1843 yeye na mkewe waliondoka Aden kwa chombo cha Kiarabu. Walipigwa na dhoruba, maji yakaingia chomboni, nusura waangamie. Mwanzoni mwa Januari 1844 walifika pwani ya Afrika Mashariki, wakapita Mombasa na kuendelea hadi Unguja. Huko walipokewa na balozi wa Uingereza, Atkins Hamerton, aliyewapeleka mbele ya Sayyid Said bin Sultan.

Sayyid Said alikuwa ameitwaa Mombasa kutoka kwa Mazrui mwaka 1837, naye alikuwa mtawala mwenye kujua faida ya urafiki na mataifa ya Ulaya. Alimpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Ni jambo la kukumbukwa kwamba mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti katika pwani hii aliingia kazini akiwa na kibali cha mtawala Mwislamu, akapata makazi katika mji wa Waislamu, na akalindwa nao.

Miezi michache baadaye Krapf na mkewe walihamia Mombasa, wakakaa katika mji ambao sasa tunauita Mji wa Kale. Alianza mara moja kujifunza lugha. Juni 1844 alikuwa tayari ameanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia ni Sheikh Ali bin Mohiddin, mwenye asili ya Barawa, aliyekuwa kadhi. Bila shaka kadhi huyo hakuwa na haja ya kuhubiriwa habari za Adamu, Nuhu na Ibrahimu, kwani aliwajua. Alichompa mgeni wake ni maneno: neno lipi linafaa, lipi halifai, na lipi hutumiwa na watu wa Mvita kuliko lile la watu wa Lamu.

Kazi ilikuwa haijafika mbali msiba ulipoingia. Julai 1844 homa iliikumba nyumba yao. Krapf mwenyewe alilala hajiwezi, na mkewe akashikwa na homa hiyo wakati amekaribia kujifungua. Alizaa mtoto wa kike, kisha akafariki siku chache baada ya uzazi. Krapf, akiwa angali mgonjwa, alisaidiwa kuinuka kitandani ili ahakikishe kwa macho yake kwamba mkewe ameaga dunia. Mtoto naye hakuishi. Wote wawili walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali.

Mtu mwingine angefunga mizigo. Krapf aliwaandikia wakuu wake Uingereza kwamba kaburi hilo ni dalili kuwa kazi ya Afrika Mashariki imeanza, na kwamba ushindi wa kanisa hupatikana juu ya makaburi ya watu wake. Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi katika makanisa ya Kenya. Yanaonyesha imani isiyoyumba. Yanaonyesha vilevile jinsi mtu aliyepoteza mke na watoto wawili katika muda mfupi alivyojishikiza kwenye kazi kwa kuwa hakubakiwa na kitu kingine.

Kwa karibu miaka miwili alikaa bila mwenzake wa kazi kutoka Ulaya. Mwaka 1846 alijiwa na Johannes Rebmann, Mjerumani kama yeye, na Agosti mwaka huo wakahamia Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Wazee wa Rabai waliwakubali, wakawaruhusu kujenga. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa na homa, mmoja akimsaidia mwenzake kupanda kilima.

Matunda ya mahubiri yalikuwa haba sana. Wazee wa Rabai walikuwa na kaya zao, mila zao na ngoma zao, wala hawakuona kwa nini waziache kwa sababu ya wageni wawili wagonjwa. Wa kwanza kupokea mafundisho kwa moyo alikuwa Mringe, mtu mlemavu aliyekuwa hana hadhi mbele ya watu, naye alibatizwa akiwa katika ugonjwa wake wa mwisho. Kwa hesabu ya waumini, miaka ya Krapf Rabai ilikuwa karibu na hasara tupu.

Hata hivyo, kalamu yake haikulala. Sura za kwanza za tafsiri yake ya Mwanzo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki. Injili ya Luka kwa lugha ya Warabai ilipigwa chapa Bombay mwaka 1848. Injili ya Marko kwa Kikamba ilitoka Tübingen mwaka 1850, mwaka ule ule ilipotoka sarufi yake ya Kiswahili.

Wakati huo huo Krapf na Rebmann walianza safari za bara. Hawakuwa na majeshi wala misafara mikubwa kama ile ya wazungu waliokuja baadaye. Walikwenda na wapagazi wachache na viongozi wa njia kutoka pwani. Mmoja wa viongozi hao alikuwa Bwana Kheri, aliyezijua njia za biashara za bara. Ni yeye aliyemwongoza Rebmann kwenda Uchagani, na tarehe 11 Mei 1848 Rebmann akauona mlima Kilimanjaro ukiwa na kilele cheupe. Wachaga walijua vizuri kwamba kitu kile cheupe ni baridi, nacho hugeuka maji.

Julai 1848 Krapf alikwenda Usambara kuonana na mfalme Kimweri, ambaye mamlaka yake yalifika hadi karibu na pwani. Mwishoni mwa mwaka 1849 alikwenda Ukambani, akapokewa na Kivoi, mkuu na mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu, aliyekuwa akipeleka misafara yake Mombasa. Kivoi alimweleza habari za mlima mkubwa upande wa kaskazini, wenye weupe kileleni. Tarehe 3 Desemba 1849, mawingu yalipofunguka, Krapf aliuona mlima huo kwa mbali kutoka nchi ya Kitui, ukiwa na vilele viwili kama pembe. Jina alilolisikia kwa Wakamba na kuliandika ndilo lililozaa neno Kenya, ambalo baadaye likawa jina la nchi nzima.

Habari za theluji karibu na Ikweta zilipofika London zilipokewa kwa kejeli. Wanajiografia waliokuwa hawajakanyaga Afrika Mashariki walidai kuwa jambo hilo haliwezekani. William Desborough Cooley, aliyekuwa na sifa kubwa katika fani hiyo, aliwapinga kwa nguvu. Kilimanjaro kilithibitishwa mapema, baada ya Baron von der Decken kuupanda sehemu yake katika safari za mwaka 1861 na 1862. Mlima Kenya ulisubiri zaidi. Joseph Thomson aliuona mwaka 1883, na wakati huo Krapf alikuwa amekwisha kufa.

Mwaka 1850 alisafiri kwa chombo kuelekea kusini hadi Rasi Delgado, akipita bandari za pwani. Huko Kilwa alijionea biashara ya watumwa waliokuwa wakiletwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa. Baadaye alikwenda Ulaya kuwashawishi wakuu wake kuhusu mpango wake mkubwa: mnyororo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Ulikuwa mpango wa mtu mwenye imani kubwa na watu wachache mno. Wengi kati ya waliotumwa kumsaidia walikufa kwa homa au walirudi makwao wakiwa wagonjwa.

Safari iliyomfundisha zaidi ilikuwa ile ya mwaka 1851. Alirudi Ukambani, akafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Njiani walivamiwa na wanyang'anyi. Kivoi aliuawa pamoja na baadhi ya watu wake, na wengine wakatawanyika. Krapf akabaki peke yake nyikani. Aliutafuta mto kwa kuangalia miti, akanywa, kisha akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, maana hakuwa na chombo kingine. Alitembea usiku na kujificha mchana.

Alipofika kwa jamaa za Kivoi, hawakumpokea kwa shangwe. Walimlaumu kwa kuwa alikuwa na bunduki na hakuwaokoa wenzake. Alitoroka, akakamatwa, mwishowe akaruhusiwa kwenda zake. Alifika Rabai akiwa amekonda kwa njaa, hali watu wa pwani walikuwa wamemhesabu kuwa amekufa. Tangu hapo ule mnyororo wa vituo ulibaki kuwa ndoto. Alikwenda Usambara mara moja zaidi, na mwaka 1853 afya ilimlazimisha kuondoka Afrika Mashariki. Rebmann alibaki.

Sehemu ya maisha yake inayotugusa sisi wasomaji wa Kiswahili ndiyo inayohitaji kupimwa kwa makini zaidi. Yapo maandishi yanayomsifu Krapf kana kwamba Kiswahili hakikuwa na maandishi kabla yake. Hilo si kweli. Utenzi wa Tambuka una nakala ya mwaka 1728. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, alifariki mwaka 1840, miaka minne tu kabla Krapf hajafika, na tungo zake zilikuwa vinywani mwa watu. Krapf mwenyewe alilijua hilo, kwani mwaka 1854 alipeleka miswada ya tenzi za Kiswahili Ujerumani, kwenye chama cha wataalamu wa lugha za Mashariki mjini Halle. Sehemu ya yale yanayojulikana leo kuhusu tenzi za kale ilihifadhiwa kwa mkono wake.

Lakini ni Krapf huyo huyo aliyependekeza kwamba Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kilatini badala ya zile za Kiarabu. Alitoa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kitaalamu: kwamba hati ya Kiarabu haionyeshi vizuri baadhi ya sauti za Kiswahili. Ya pili ilikuwa ya kidini, wala hakuificha: alitaka kuitenga lugha hii na Uislamu, ili isiwe chombo cha kuueneza bara. Aliishi kwa ihsani ya Waislamu, alifunzwa na kadhi, lakini aliyoyaandika kuhusu dini yao yalikuwa makali. Mwenye kumsoma leo hana budi kuyaona yote mawili.

Historia ikamjibu kwa namna yake. Herufi za Kilatini zilishinda, hasa baada ya kukubaliwa na tawala za kikoloni na shule zake. Wazee wengi wa pwani waliokuwa wasomi wazuri kwa hati yao walijikuta wakihesabiwa kuwa hawajui kusoma. Hiyo ni hasara ambayo haisemwi sana. Kwa upande mwingine, Uislamu haukuondoka katika Kiswahili, na Waislamu wenyewe wamekiandika kwa herufi hizo hizo vitabu, tafsiri na mashairi.

Kimvita, lahaja ambayo Krapf aliitukuza, haikupata bahati hiyo. Askofu Edward Steere aliyefanya kazi Unguja alijenga vitabu vyake juu ya Kiunguja, na mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ukachagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Hivyo lahaja ya Mombasa ilishindwa ikiwa nyumbani kwake. Kwa sababu hiyo kamusi ya Krapf ina thamani ya pekee: imehifadhi maneno ya Mvita, maelezo ya matumizi yake na desturi za watu kama zilivyokuwa katikati ya karne ya 19, kabla usanifishaji haujapita juu yake.

Baada ya kurudi Ujerumani, Krapf aliishi Korntal karibu na Stuttgart. Alichapisha habari za safari zake kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Nayo ramani ya mwenzao Jakob Erhardt, iliyotokana na habari za wafanyabiashara wa pwani na kuonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara, iliwashangaza wataalamu wa London, ikachangia kutumwa kwa Burton na Speke. Mwaka 1862 Krapf alirudi Mombasa kwa muda mfupi, akiwasaidia Wamethodisti akina Thomas Wakefield kuanzisha kituo cha Ribe. Mwaka 1867 alifuatana na jeshi la Waingereza kwenda Uhabeshi kama mkalimani, akaugua, akarudishwa.

Rebmann alirejea kutoka Rabai mwaka 1875 baada ya miaka 29 Afrika Mashariki, akiwa amepofuka. Alikwenda kuishi Korntal karibu na rafiki yake, akafariki mwaka uliofuata. Katika miaka hiyo hiyo CMS kilianzisha Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa, katika bara ile ile ya Mombasa alikozikwa Rosine. Misheni ambayo kwa miaka 30 ilikuwa na waumini wa kuhesabika kwa vidole ikapata watu mara moja, si kwa mahubiri ya Krapf, bali kwa kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja mwaka 1873.

Krapf alifariki tarehe 26 Novemba 1881, akiwa na umri wa miaka 71. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Alizikwa Korntal, alikozikwa pia Rebmann. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata, hakuiona ikiwa kitabu.

Miaka saba baada ya kifo chake, kampuni ya Waingereza ilianza kutawala kutoka Mombasa, na mwaka 1895 serikali yao ikachukua nafasi hiyo. Njia walizozipita wasafiri wale wawili pamoja na akina Bwana Kheri zilifuatwa na watu wenye nia nyingine. Krapf hakuwa ofisa wa dola, lakini ramani na maneno yake yalikuwa tayari mezani kwa aliyeyahitaji.

Leo Rabai ina makumbusho yanayosimulia habari zake, na kumbukumbu yake ipo upande wa Nyali, karibu na alikozikwa mkewe. Vituo alivyopanga kuvieneza kutoka bahari hadi bahari havikujengwa kwa mkono wake, na Waoromo aliowafuata hakuwafikia tena. Kilichobaki ni kazi aliyoianza kama maandalizi ya kazi nyingine: madaftari ya maneno aliyoambiwa na kadhi, wazee wa Rabai, wapagazi wa Kikamba na watu wa Mvita. Wengi wao hawakuandikwa majina. Anayeifungua kamusi ile ya mwaka 1882 husoma jina la mtu mmoja juu ya jalada, na ndani yake husikia mji mzima ukizungumza.